Mama Nour na Utafiti wa Kukimbia

Jirani yangu Biasha, ambaye sisi wote tulimwita Mama Nour, alikuwa fundi wa nguo, na katika mtaa wetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, harusi haikupita bila mkono wake. Alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, ndogo kama mbuzi aliyelala. Ukimpelekea kitenge anakikunjua, anakitazama, anakutazama na wewe, halafu anasema, "Hiki kitenge hakijakuelewa bado. Niachie, nitakisemesha." Mume wake alishafariki kwa ugonjwa kabla vita haijaanza, na Nour, binti yake wa pekee, ameolewa Uvira. Cherehani ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomlipia nyumba, na nadhani ndiyo iliyokuwa ikimwongelesha jioni.

Vita ilikuwa imetuzoesha kukimbia. Ulikuwa ule mwaka ambao redio ilizungumza habari za Arusha kila siku, huko wakubwa wanazungumza amani, huku sisi tunasikia milio ya bunduki milimani. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kukimbia. Swedi, muuza nyama wa nyumba ya tatu, hakimbii bila mbuzi. Mke wa mwalimu anabeba godoro, na siku moja alibeba la jirani. Mimi nilikuwa namfunga Schékinah wangu mgongoni na kutia sufuria kichwani, na mara moja nilifika mpaka Gatete ndipo nikafunua sufuria nikakuta maji ya ugali yako peke yake, hata unga sikutia. Tulicheka mpaka watu wa Gatete wakadhani sisi tumekuja kwenye sherehe.

Vitu vizito havikimbii, kwa hiyo tulikuwa tunavifukia. Mabati, masufuria makubwa, baiskeli, hata mlango. Asubuhi ile kubwa, milio iliposhuka mpaka karibu, Mama Nour aliipaka cherehani yake mawese kila mahali isipate kutu, akaiviringisha katika plastiki, akaifukia, akapanda mtumbwi kwenda Kabonga kwa kaka yake Assumani. Alikaa huko masika yote. Aliporudi, nyasi zimefika kiunoni, na jambo moja limetoka kichwani mwake kama jino linavyong'oka. Alikuwa hajui tena alifukia wapi.

"Chini ya mchikichi," aliniambia. "Hilo niko nalo hakika. Mpaka leo nikifumba macho nasikia harufu ya mawese."

"Mchikichi upi, Mama Nour?"

"Hapo sasa."

Maana Rumonge michikichi ni mingi kuliko watu, na yote inafanana kama askari. Akaanza kuchimba. Asubuhi chini ya huu, jioni chini ya ule. Mwenye shamba alikuja kumwuliza kama anapanda au anang'oa. Watoto wakamwita Mama Fuko, na wakimwona na jembe wanaweka pua chini na kufukua mchanga kwa mikono miwili. Yeye anawatupia kokwa za mchikichi na kucheka pamoja nao. Lakini mimi nilikuwa jirani wa ukuta mmoja. Nilijua kwamba usiku hapati usingizi, na nilijua kwamba akila anaacha nusu.

Habari haikai mahali pamoja. Ilipanda kwenye mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ikafika Kabonga, na kule ilifika imenenepa: Biasha anachimba miti, Biasha anaongea na miti, Biasha kichwa kimepinduka. Kaka yake akatuma neno kwa mfanyabiashara wa ndagala: "Ijumaa nakuja na mtumbwi. Unionyeshe cherehani, au unionyeshe mzigo wako. Dada yangu hataokotwa njiani kama kuku." Assumani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda dada yake, na kwake kupenda ni kumweka mtu mahali anapomwona.

Mama Nour alikaa kwenye jiwe la mlango wangu, mikono yake mapajani, haina kazi.

"Nitakwenda kuanika ndagala chini ya mke mkubwa wa kaka yangu," alisema. "Yule mwanamke, samaki mmoja akipotea anakuomba upanue mdomo. Na mimi siko mwenda wazimu, Mama Schékinah. Mutu wazimu anasahau vyote. Mimi nimesahau kimoja tu."

Wiki ile ile ndipo alipotufikia Hyacinthe.

Alikuwa kijana mwembamba kutoka iniverisite ya Bujumbura, shati lake limepigwa pasi mpaka linaogopa kukunjika. Alikuwa anasoma mambo ya roho na kichwa, na alitaka kujua hofu inafanya nini kwenye kumbukumbu za watu. Shefu wa mtaa alimpa kivuli cha mashini ya kukamulia mawese, akakaa pale kwenye kiti, na sisi tukapanga mstari, maana wakati wa vita ukiona mstari unapanga kwanza, unauliza baadaye.

"Ulijisikiaje siku ile ulipokimbia?" alimwuliza Swedi.

"Nilijisikia miguu," Swedi akajibu.

"Namaanisha moyoni, baba."

"Moyo ulikuwa mbele. Sikuufikia."

Hyacinthe akaona maneno hayatoshi. Akaleta bakuli la maharagwe na kibati kitupu. Akatueleza taratibu, kwa heshima: huzuni yako ikiwa ndogo, chukua punje moja tia kwenye kibati, ikiwa kubwa kabisa, chukua kumi. Tukaitikia wote kwamba tumeelewa. Lakini ulikuwa mwezi ambao barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa mara kwa mara, na maharagwe hayakuonekana sokoni. Siku ile mtaa wetu wote ulikuwa na huzuni ya kumi. Bibi mmoja alisema yake ni ya kumi na hamsini, akafungua pindo la kanga. Hata shefu alipita akasema, "Na mimi mnijazie, sikulala vizuri." Hyacinthe alipoinua bakuli jioni, liliona jua mpaka chini, na kibati nacho bado kilikuwa kitupu. Alitutazama, akatazama bakuli, akacheka yeye mwenyewe, na kuanzia hapo tukampenda.

Mama Nour alipokaa mbele yake hakugusa maharagwe. Alisema tu.

"Chai ilikuwa jikoni, haina sukari. Redio ya Swedi iliimba ule wimbo wa tangazo la sabuni. Nilivaa kanga ndani nje, upindo ulikuwa unanikwaruza hapa shingoni. Plastiki ilikuwa ya bluu, imepasuka pembeni. Mawese nilipaka kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika mkasi. Jogoo wa mwalimu aliwika mara moja akaacha katikati, kama mutu aliyezibwa mdomo."

"Na shimo?"

"Shimo silioni." Akafumba macho. "Naona mikono yangu inafukia. Pembeni ya mikono iko giza."

Hyacinthe aliweka kalamu yake chini. Nilikuwa nimesimama nyuma namnyonyesha mtoto, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu hakuyasema kwa majivuno.

"Mama, hofu ni kama tochi. Inamulika kitu kimoja vikali sana, na pembeni inaacha giza. Hujapoteza akili. Wengi niliowauliza iko hivyo."

"Wengi?" Mama Nour akafungua macho. "Kwa hiyo tuko wengi?"

"Wengi sana."

Nikamwona akishusha pumzi mpaka mabega yakashuka.

"Na walimu wetu wanasema," Hyacinthe akaendelea, "kitu ulichokiweka kichwani ukiwa katika hali fulani, pengine kinarudi ukirudi katika hali ile ile. Harufu ile, sauti ile, saa ile. Tungeweza kujaribu kuirudisha asubuhi ile. Kidogo tu. Kwa mchezo."

Swedi akaruka. "Kuirudisha? Sisi tunasali isirudi, weye umekwenda iniverisite kusoma namna ya kuirudisha?"

Lakini Mama Nour alishasimama.

"Nirudishie," alisema. "Ijumaa iko karibu."

Wakapatana iwe Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, kwa sababu kaka alikuwa hafiki kabla ya saa sita. Hyacinthe, kama mtu mwenye adabu, alikwenda kumwomba shefu aonye watu, mtu asije akashtuka. Na shefu, kama mtu mwenye adabu, alizunguka Alhamisi na filimbi yake mtaa baada ya mtaa, mpaka sokoni, akitangaza:

"Kesho asubuhi mkiona watu wa kwa Mama Nour wanakimbia, msiwe na wasiwasi! Ni utafiti! Kaeni majumbani kwenu! Hali ni shwari!"

Asiyekuwa wa huku ataona shefu alifanya vizuri. Lakini miaka ile, redio ikisema hali ni shwari, mwanamke mwenye akili anafunga mzigo. Wakisema msiwe na wasiwasi, tunajua wasiwasi uko kilomita tano. Na sasa wametupangia mpaka saa? Nilisikia baadaye kwamba upande wa sokoni hakuna aliyevua viatu usiku ule. "Utafiti," walikuwa wananong'onezana, "ni waasi wapya hao, wanatokea wapi?"

Sisi tulikuwa hatuna habari. Sisi tulikuwa na mchezo.

Ijumaa asubuhi, chai ikatiwa jikoni bila sukari. Mama Nour akavaa kanga ndani nje. Redio ya Swedi haikuwa na betri, kwa hiyo Swedi mwenyewe akaimba tangazo la sabuni, na sauti yake ni ya mtu anayesukutua. Alikuwa ameazima mbuzi, kwa kuwa yule wa siku ile tulishamla, na mbuzi wa kuazima alikataa kukimbia. Alikaa chini akitafuna kamba. Jogoo wa mwalimu hakupatikana, ikabidi mwalimu awike.

"Sasa," alisema Hyacinthe, "kama siku ile. Nani alipiga kelele ya kwanza?"

"Mimi," Swedi akasema. Akajisafisha koo. "Wamekuujaaa!"

Alilisema kama mtangazaji wa mpira goli likifungwa. Mama Nour alitoka mlangoni mbio, birika mkono mmoja, mkasi mkono mwingine, akamwona mbuzi, akamwona mwalimu bado ameinua shingo, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka. Schékinah akacheka, na alikuwa hajui hata anacheka nini.

"Turudie," alisema Hyacinthe. "Mama, jaribu kuogopa kidogo."

"Niogope nini? Swedi?"

Wakarudia, na Swedi akapiga kelele zaidi, kelele iliyovuka barabara. Na bado kicheko. Mara nyingine tena, na safari hii Mama Nour alifika mpaka kwenye michikichi ya kwanza, akasimama pale, akageuka huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akarudi polepole. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake.

"Imekataa, mwanangu," alimwambia Hyacinthe. "Murakoze, asante sana. Umejaribu." Akaniambia mimi, "Mama Schékinah, utanisaidia kufunga mzigo. Kaka yangu iko njiani."

Mwalimu alishusha shingo.

Hapo ndipo tuliposikia miguu.

Mwanzoni ilikuwa kama mvua inayokuja juu ya migomba. Halafu tukawaona: upande wote wa sokoni unakuja juu yetu, wanawake na mafurushi, mzee na kiti chake, mtu na baiskeli isiyo na tairi, vumbi, watoto wameshikwa mkono mmoja, miguu hewani. Walikuwa wamesikia "wamekuja" ya Swedi, na wao walishafunga mizigo tangu jana.

Ungedhani sisi, wenye kuutunga ule uongo, tungesimama kuwaambia. Hapana. Tuliwaona wanakimbia, na mara moja tukasahau kwamba wanatukimbia sisi. Macho yakisema kimbia, kichwa hakiulizwi. Mbuzi wa kuazima, aliyekataa asubuhi nzima, alikuwa wa kwanza. Swedi akamfuata akimwita kwa jina la yule mbuzi tuliyemla. Hyacinthe alisimama akapaza sauti, "Ni utafiti! Ni utafiti!" na watu waliposikia neno hilo wakaongeza mbio, naye akawatazama, akatazama milima, na yeye akakimbia. Suruali yake ilishika kwenye uzio ikapasuka mpaka gotini, na hakugeuka.

Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Kwa nini mwiko, sijui. Wote walikuwa wanashuka ziwani. Nikatafuta kwa macho Mama Nour, kwa maana siku zote tunakimbia pamoja, nikamwona anakwenda upande mwingine.

"Mama Nour! Ziwa iko huku!"

Hakusikia. Nikamfuata. Uso wake ulikuwa si ule wa kucheka, wala si ule wa huzuni. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Amekumbatia birika na mkasi kifuani, kanga inamkwaruza shingoni, anakwenda kama mtu aliyevutwa na kamba. Aliipita michikichi yote bila kuitazama. Akazunguka nyuma ya mashini ya mawese, akapita lile lundo la makapi, akaruka mfereji, akaingia mahali ambapo zamani watu walikuwa wanachoma matofali. Hakuna mchikichi hata mmoja pale. Kuna tanuri la zamani lililobomoka na mibarika iliyojiotea. Akainama kwenye mdomo wa tanuri, akaokota kipande cha tofali, akaanza kufukua, afiche birika lake na mkasi.

Nikasimama nyuma yake nahema. Nikasikia tofali linagonga kitu. Ti.

Mama Nour akakasirika.

"Nani huyu ameingiza vitu vyake mu shimo yangu?" alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Hata kwenye kukimbia watu hawana adabu! Mashimo yamejaa Rumonge yote, wanakuja kwenye la kwangu!" Akashika pembe ya kitu kile akikivuta akitupe nje, na pembe ikatoka, na ilikuwa ya plastiki, imepasuka pembeni.

"Mama Nour," nikasema. "Hiyo plastiki iko na rangi gani?"

Akatazama. Akaweka birika chini. Akapangusa udongo kwa kiganja, taratibu, kama anavyompangusa mtoto uso.

"Ya bluu," akasema.

Nilidhani atacheka. Alilia. Aliikumbatia ile plastiki na kulia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kilio cha asubuhi ile ya kwanza ambacho hakikupata nafasi kwa sababu mtumbwi ulikuwa unaondoka. Nikakaa karibu yake kwenye matofali. Schékinah alinyosha mkono akamshika sikio, basi akalia huku ameshikwa sikio. Baada ya muda akajifuta kwa kanga.

"Sasa," akaniuliza, "hao tunaowakimbia wako wapi?"

Tukasikiliza. Hakuna mlio hata mmoja. Mbali kidogo mbuzi alikuwa analia.

Tukabeba cherehani watu wawili, yeye huku, mimi huku na mwiko wangu umechomekwa kwenye kilemba. Tulipofika barabarani watu walikuwa wanarudi kutoka ziwani, wamelowa magoti, wamemzunguka shefu.

"Si nilisema ni utafiti?" shefu alikuwa anapiga kelele. "Si nilitangaza?"

"Ndiyo maana tulikimbia!" wakamjibu.

Wengi walicheka mpaka jioni. Lakini si wote. Mke wa mwalimu alikaa kwenye godoro lake nje ya nyumba, na hakukubali kuingia ndani mpaka tulipokwenda kukaa naye. Hyacinthe alimwona. Alikwenda akakaa chini, kwenye vumbi, mbali kidogo naye, akamwomba msamaha. Akasema hakupanga hivi, na hatafanya tena, si dawa kumrudishia mtu hofu yake. Mke wa mwalimu akamtazama mguu, akasema, "Wewe mwenyewe una damu mguuni," akamfunga kitambaa.

Baadaye Hyacinthe alitaka aonyeshwe tanuri. Alisimama pale, akageuka pande zote akitafuta mchikichi.

"Mikono yako ilikuwa na mawese, mama," akasema. "Harufu ilibaki. Halafu kichwa kikaona, mawese yanatoka wapi? Kwenye mchikichi. Kikakupandia mti mahali ambapo hapakuwa na mti."

"Na mimi nimeuchimba ule mti shamba zima," alisema Mama Nour. "Kwa hakika kabisa!"

Assumani alifika kabla ya swala ya Ijumaa, mkono wa kanzu yake umening'inia kwa uzi. Alikuwa amewahi kuliko tulivyotarajia, anaegesha mtumbwi wakati mtaa ulipomiminika ziwani, na watu walipanda bila salamu.

"Nimekuja kuchukua mtu mmoja," alisema mlangoni, jasho likimtoka, "wameingia watu wa mtaa mzima, na mtu mmoja na mbuzi! Biasha! Asalaam aleikum. Nasikia unachimba."

"Waaleikum salaam, kaka. Nilikuwa nachimba. Nimeacha leo asubuhi."

Cherehani ilikuwa juu ya meza, bado imevaa mawese, nyekundu kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Assumani akaizunguka. Akagusa gurudumu. Halikwenda.

"Imekufa," akasema, na sauti yake ilishuka, nikaona hakupenda kulisema. "Dada, chuma kilichokaa ardhini masika nzima... Twende tu. Hakuna atakayekucheka kule."

"Imelala," alisema Mama Nour. "Swedi, mafuta ya taa."

Swedi akamwaga mafuta ya taa yake, na huyo ni mtu asiyekupa hata mfupa. Mama Nour akaingiza unyoya wa kuku kwenye kila tundu, akasugua, akapuliza, akasugua. Mawese yaliyoganda yalitoka kama nta. Kila akilijaribu gurudumu, sote tulikuwa tunabana pumzi, na kaka yake alikuwa ameinama kuliko wote. Likaenda nusu, likakwama. Akarudi kwenye unyoya. Halafu likazunguka lote, krrr, na sindano ikashuka na kupanda.

"Vua kanzu," Mama Nour akamwambia kaka yake.

"Nini?"

"Umesema nikuonyeshe. Vua."

Akaushona ule mkono mbele yake. Uzi ulipita na alama ya rangi ya mawese, mstari mwembamba wa chungwa kwenye kanzu nyeupe. Assumani aliishika ile kanzu kwa mikono yake miwili ya mvuvi akavuta pande mbili kwa nguvu, kama anavyojaribu nyavu. Akavuta tena.

"Imeshika," akasema.

"Ndiyo kazi yangu."

Akaivaa. Akatazama nyumba, akatutazama sisi tuliojazana mlangoni. "Basi. Mke wangu atanuna, alishakutandikia mkeka wa ndagala."

"Mwambie atandue. Na wewe, kaa ule."

"Nikae kwenye mtaa wa watu wanaokimbia utafiti? Naswali, naondoka." Lakini alikuwa anatabasamu, na kabla ya kutoka aliweka mkono juu ya kichwa cha dada yake, akauacha hapo kidogo.

Asubuhi ile mtaa mzima ulikuwa umechanika. Mpaka alasiri watu walikuwa wamepanga mstari mlangoni kwa Mama Nour na kanga, mifuko, mashati, mkoba wa shefu. Hyacinthe alikuwa wa mwisho, amesimama pembeni na ile suruali yake.

"Wewe wa iniverisite, ingia," Mama Nour akamwita. "Vua. Mama Schékinah, mpe kitenge."

Akakaa kwenye kigoda amejifunga kitenge changu cha maua, magoti yamebanwa kama bibi harusi. Swedi alimpigia kigelegele. Mama Nour akaanza kuzungusha.

"Haya," akasema, macho yake kwenye sindano. "Leo zamu yako. Ulipokuwa unakimbia, ulikumbuka nini?"

Hyacinthe alicheka kidogo. Kisha hakucheka. Akasema alimkumbuka mama yake, na kwamba alikuwa hajamkumbuka kwa namna ile kwa muda mrefu. Akasema kwao ni juu, milimani, na akataja mwaka wa kwanza wa vita, akaishia hapo, akatazama nje.

"Suruali imekwisha, mama?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili. Niliiona suruali, imeshonwa, imekunjwa, iko chini ya goti la Mama Nour. Aliendelea kuzungusha gurudumu polepole juu ya kipande cha kitambaa kisicho na kazi.

"Bado," alimwambia. "Mshono mrefu huu. Endelea tu, nakusikia."